Tezi Nilizozichoma

Mwaka ule mahindi yalikauka yakiwa na ndevu tu, tukala ugali wa uwele kwa mlenda mkavu mpaka watoto wakawa wanakimbia wakiona chungu. Ndio mwaka niliojua kwamba mikono yangu, niliyoivimbia kichwa maisha yote, haikuwahi kuponya ng'ombe.

Shule niliiacha darasa la tatu. Lakini kwa ndigana waliniletea ndama hata kutoka Chemba. Ugonjwa huo unaletwa na kupe: ng'ombe anawaka homa, tezi za chini ya masikio zinavimba kama ndimu. Mimi naweka chuma motoni mpaka kiwe chekundu, naziunguza tezi. Mama yangu alifanya hivyo hivyo.

Mjukuu wangu anaishi mjini, Ipagala, anafanya kazi kwenye maabara ya mifugo. Alikuja kuchukua damu ya ng'ombe wangu mzee, mwekundu, aliyeugua ndigana akapona, na kupe wakaendelea kumnyonya asiugue tena.

"Huyu nilimchoma mimi," nikamwambia, nikimwonyesha makovu.

"Nimeyaona, bibi. Na wengine uliowachoma?"

Nikaanza kuwataja. Yule mweusi alikufa. Mwenye baka shingoni alikufa. Ndama wa shemeji, wote. Nikatafuta mwingine aliyepona, nikatafuta, nikabaki nimeshika mkia wa ng'ombe kama mjinga.

"Kaa basi, bibi."

"Nikae nini. Huyu aliponaje?"

Akanieleza polepole. Kupe akiuma, kwenye mate yake vinatoka vidudu visivyoonekana kwa macho. Vinakimbilia chembechembe nyeupe za damu ili vikazaane humo. Kila kidudu kimevaa protini kwa nje, na hiyo ndiyo inayokisaidia kuingia. Ng'ombe aliyepona, akaumwa na kupe tena na tena, mwili wake hutengeneza kingamwili zinazoijua protini ile hasa. Zinaing'ang'ania, zinaifunika, na kidudu kinabaki nje hakina pa kupenyea.

"Mwili una askari wengine pia, ndio waliomponya mara ya kwanza," akasema, "ila mimi nazitafuta kingamwili hizo. Tukizielewa, labda tutapata chanjo bora."

"Na chuma changu?"

"Kilimuumiza tu, bibi."

"Na tezi?"

"Tezi ndimo askari wa mwili wanamokaa."

"Nami nikaziunguza."

"Ukaziunguza."

Hakunipamba. Huyo amenirithi mimi. 

Kesho yake akaja jirani yangu, mtani wangu wa siku zote, anavuta ndama mwenye tezi zimemtoka.

"Kikongwe, washa moto. Mgonjwa huyu."

"Sichomi. Mwite bwana mifugo, ana sindano."

Akacheka. "Mkono umeanza kutetemeka? Au umekatazwa na katoto ka mjini? Nitakutangaza kijiji kizima kwamba umekwisha."

Nilijua atatangaza. Akakiokota chuma changu penye mafiga, akanishikisha, na kicheko kikamfutika usoni.

"Ninaye huyu mmoja tu, mtani. Mwaka wenyewe unauona."

Ndama alikuwa anahema, macho yanatoka machozi. Nikakiweka chuma chini.

"Sichomi. Mwite bwana mifugo, ana sindano."