Kama Mtu Aliyechukuliwa Kalamu

Siku niliyoshindwa kumwomba mwalimu ruhusa naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu Skola. Kaa hapo, na hiyo simu iweke pembeni. Wewe ni mtoto wa mdogo wangu, na mdogo wangu hayupo tena, kwa hiyo haya ni mimi wa kukuambia.

Nilikuwa kidato cha kwanza, shule ya bweni huko upande wa Peramiho. Pale ilikuwa Kiingereza tu, kuanzia kengele ya asubuhi mpaka sala ya jioni. Ukikutwa unasema Kiswahili unavalishwa kibao shingoni. Ukisema Kingoni, hapo unachekwa mpaka unatamani ardhi ipasuke uingie. Wiki ile tulikuwa tumefundishwa neno "upset". Mwalimu alilieleza hivi: mtu amechukua kalamu yako bila kuomba, nawe moyoni huna raha, basi uko "upset". Tuliliimba darasa zima.

Jumamosi nilikwenda kuchota maji kwenye bomba la nje ya uzio. Akapita jirani yetu wa nyumbani, mama Kostansia, anawahi gari. Hata salamu hakuimaliza. "Mama yako amezidiwa," akasema. "Anakutaja wewe tu. Omba ruhusa uje leo hii." Gari likapiga honi, akaondoka.

Ndoo niliiacha palepale. Mwalimu wa zamu nilimkuta barazani, mgeni wa mkoa mwingine. Si mtu mbaya, ila sheria kwake ilikuwa sheria. Nilitaka kumwambia mama yangu anakufa. Kiswahili nilikuwa nacho chote mdomoni, lakini kile kibao nacho kilining'inia ukutani nyuma ya kichwa chake. Kiingereza kikanikimbia, likabaki neno la wiki ile. Nikamwambia niko "upset". Akauliza sababu. Nikarudia lilelile. Akatabasamu, akasema hata yeye huwa hivyo siku nyingine, niende nikafue sare zangu. Nikaenda, mwanangu. Nilifua na kuanika.

Kesho yake baba mdogo alikuja kunichukua. Mama alikuwa amekufa alfajiri, na mpaka mwisho alikuwa anauliza kama nimefika.

Kwetu unajua, mtu anayekuja msibani huanza kulia tangu njiani, ili waliomo ndani wajue mwenzao anakuja, watoke kumpokea. Mimi nilipita njia nzima kimya, macho makavu. Nikafika uani nikasema "shikamooni", kama niliyekuja kuazima kinu. Wanawake wakatazamana. Bibi, aliyemzaa mama, akanishika mkono na kunivuta nyuma ya jiko.

"Ujumbe ulipata?"

"Nilipata, bibi."

"Ukamwambia nini mwalimu wako?"

Nikamtajia lile neno. Akataka kujua maana yake, nikamweleza kama nilivyofundishwa, habari ya kalamu.

"Basi alikusikia vizuri," akasema. "Ulimwambia umechukuliwa kalamu."

Hakunionea huruma, na maneno yale yananiuma hadi leo. Lakini hakuniacha hapo. Alinirudisha njiani, mpaka kwenye kona ya migomba, akasimama nyuma yangu. "Anza hapa. Mwite mama yako." Nikamwita, kwa Kingoni, lugha aliyonilelea. Sauti iliyotoka sikuijua kama ni yangu. Wanawake wakatoka wote.

Sasa wewe. Mwezi uliopita tumemzika mtoto wako, hata titi hajalionja. Mumeo anapiga simu kutoka Tunduru, alikorudi baada ya mazishi, unamjibu uko "upset" kidogo, utakuwa poa. Wenzako wa dukani kule Majengo, jibu hilohilo. Neno hilo nilikusikia ukilitumia umeme ulipokatika na mchuzi ulipoungua. Chakula huli. Maziwa yanakutoka yenyewe na unayafunika kwa kanga. Nimeona, usifikiri sijaona.

Kiingereza sikilaumu. Wenyewe nao wana maneno yao ya kulilia, ila mimi sikuwa nimefundishwa hayo. Ninachokuomba ni kimoja. Jambo likikuvunja, usilitafutie neno dogo ili wanaokusikiliza wakae kwa raha. Watakaa kwa raha kweli, na wewe utabaki nalo peke yako. Liseme kwa lugha uliyolilia utotoni, hata kama unatia watu aibu. Na siku mwenzako akikuambia hana raha kidogo tu, usimtume akafue. Muulize tena, kisha umngoje.

Leo utampigia mumeo umwambie, "Mtoto wetu amekufa na mimi siwezi kula." Hivyohivyo. Lakini kwanza inuka, twende pale njiani. Mimi nitasimama nyuma yako. Mungu akurudishie sauti, mwanangu, na mtoto wako ampokee vizuri huko aliko. Lile jina ulilokuwa umemchagulia, ambalo hujalitamka tangu siku ile, liite.