Bomba la Hewa Kwenye Gari la Mikate

Saa kumi na mbili asubuhi, mvua imetoka kukatika, na fundi Mabomba kajipinda juu ya injini ya gari dogo la mikate, miguu ikining'inia. Mkononi ana kipande cha bomba la plastiki, lile lile la maji ya bafuni. Analipima, analikata kwa msumeno, analipachika. Halikai. Analitoa, anatabasamu, anaanza upya.

Jina hilo alipewa zamani, alipokuwa akifunga mabomba ya maji majumbani. Siku hizi anafunga ya hewa. Hulikunja bomba kwa moto, akafunga chujio mdomoni, kisha akalipitisha hadi penye ubaridi, mbali na joto la injini. Kwa wiki hupata magari mawili, akibahatika, matatu.

"Injini nayo inapumua," anasema bila kuinua kichwa. "Hewa ya moto imepwaya, ya baridi imeshiba. Gari likipanda mlima huku linavuta joto lake lenyewe, ni sawa na mtu kukimbia kajifunika blanketi usoni."

Gari la leo ni la Mama Mkate, mjane anayeoka mikate nyumbani na kuisambaza madukani, ng'ambo ya bonde. Lilikuwa likifika katikati ya kilima linaishiwa pumzi, magari ya nyuma yakipiga honi. Mwaka jana Mabomba alimwomba amwachie alifungie bomba.

Hapo ndipo alipoharibu. Fundi wa maji, mkono wake umezoea kuteremsha. Akauteremsha mdomo wa bomba hadi nyuma ya bampa, karibu na lami, penye upepo mwanana. Kiangazi chote gari lilipanda kilima likiimba. Mvua ya kwanza ikaja, Mama Mkate akaingia kwenye dimbwi la bondeni, na bomba, badala ya hewa, likavuta maji. Injini ilizima papo hapo, vyuma vya ndani vikapinda.

Madereva walicheka mpaka machozi, wakasema fundi kafunga choo ndani ya gari. Yeye alitamani ardhi ipasuke immeze. Mkewe anasimulia kwamba alikwisha kufungasha spana zake, ameapa kurudi kwenye masinki ya watu.

Mama Mkate alimfuata hadi nyumbani. Mabomba alitoka kainamisha kichwa, akisubiri matusi.

"Kosa moja haliachi mke, mwanangu," mama alimwambia. "Gari umeliua wewe, utalifufua wewe. Simpi fundi mwingine."

Muda wote injini ilipokuwa imefunguliwa, mama huyo alisukuma mikate kwa toroli, na kila aliyeuliza gari liko wapi alijibiwa kwamba liko kwa fundi wake. Akifika hapo katika kusimulia, Mabomba anajifanya kutafuta bisibisi.

"Angenisema vibaya mara moja tu, kazi hii ningeiacha. Watoto wangu wanasoma kwa sababu ya mdomo wa yule mama. Sasa mimi nisije nikawa punda, fadhila zangu mashuzi."

Gari lilipopona aliogopa kulirudishia bomba. Ni mama aliyeamuru. Safari hii mdomo uko juu, nyuma ya taa, umekingwa joto kwa kipande cha bati. Lakini bomba halijajaribiwa majini, na leo bonde limejaa maji.

Mama Mkate anawasha gari, fundi anaomba wapande wote. Kwenye dimbwi anamsihi mama asimame kwanza, yeye ashuke akapime kina kwa kijiti. Mama hasimami. Anaingia taratibu, maji yanapiga milango, Mabomba kaishika dashibodi kama anayeizuia isizame. Injini inaunguruma, haikohoi. Wanatokea ng'ambo, gari linashika kilima na kukimaliza.

Mbele ya duka la kwanza, fundi anaruka chini na kufungua boneti. Bomba ni kavu ndani. Analipapasa tena na tena, machozi yanamtoka na wala hayafichi. Anasema anatafuta banda, awe na gereji yake mwenyewe, na kwamba gari la kwanza kuingia humo litakuwa hili, liwe zima au bovu. Anamgeukia mama, anaanza kumshukuru.

Mama Mkate kashafungua mlango wa nyuma.

"Funga boneti, fundi wangu," anamwambia. "Njoo ushike kreti. Mikate inapoa."