Mfupa Uliokataa Kuunga

Kila mtu alimwita Kidari, hata mkewe alipokuwa amemkasirikia. Jina lilitokana na kifua chake kipana, na pia na tabia yake kazini, maana ukiingia kwenye bucha yake na kumwuliza nyama gani nzuri leo, jibu lilikuwa lile lile: "Chukua kidari, mama. Kina mafuta yake, kina mfupa wake, hutanilaumu."

Bucha yenyewe ilikuwa kwenye kona ya barabara. Kuta zilikuwa na vigae vyeupe, ndoano zilining'inia kwenye bomba la chuma juu ya meza, na gogo la kukatia nyama lilikuwa limelika katikati hadi likabonyea kama bakuli. Kwa nyuma kulikuwa na chumba cha baridi ambacho mlango wake ulikuwa haufungiki mpaka uusukume kwa goti. Alifanya kazi na mdogo wake wa tumbo moja, mtu mzima mwenye watoto wake, mwembamba, asiyependa maneno mengi. Mdogo alipima na kufunga. Kidari alikata, alicheka na wateja, na alibeba.

Kubeba ndiko kulikokuwa fahari yake. Gari la machinjio lilipofika asubuhi, wapagazi walishusha nyama za maduka mengine wawili wawili. Kidari aliwatimua. Aligeuza mgongo kwenye mlango wa gari, akapokea mguu mzima wa nyuma wa ng'ombe begani, akavuka nao barabara peke yake huku sigara ikiwaka pembeni ya mdomo. Watu walisimama kumtazama, naye alijua wanamtazama.

"Kaka, utakuja kukatika," mdogo wake alikuwa akimwambia.

"Nikikatika niuze kwa kilo," Kidari alijibu, na wateja wakaangua kicheko.

Mgongo ulianza taratibu. Kwanza ulikuwa unamkaza akiamka, naye akasema ni godoro. Baadaye maumivu yalishuka kwenye tako, yakapita nyuma ya paja, yakafika hadi kwenye kidole gumba cha mguu, kama mtu anavuta waya wa moto ndani ya mshipa. Alichuliwa, akapakwa mafuta ya kila rangi, akafungwa kitambaa kiunoni. Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea nguo nyumbani, alimwona anavyovaa suruali akiwa amelala chali kitandani kwa sababu hawezi kuinama, akanyamaza kwa sababu alijua akisema atatukanwa. Siku moja mguu ulimsaliti akiwa na nyama begani, pale pale kwenye mlango wa chumba cha baridi. Akaenda chini, nyama ikamlalia juu. Mdogo wake ndiye aliyeivuta pembeni. Kidari alikuwa analia kwa sauti, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulisikia.

Daktari wa mifupa katika hospitali kubwa alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Mezani kwake palikuwa na mfano wa uti wa mgongo wa plastiki. Aliushika kama mtu anavyoshika samaki, akawaonyesha Kidari na mkewe.

"Hizi ni pingili. Yako hii ya chini imeteleza mbele juu ya mwenzake, na inaubana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni. Nitafungua mgongo, niuachie huo mshipa nafasi, halafu nitaziunga pingili hizi mbili ziwe kitu kimoja."

"Utaziunga kwa kutumia nini, Daktari?" mke aliuliza.

"Kwa skrubu nne na fito mbili za titani. Katikati nitaweka kijisanduku chenye matundu, nikijaze mfupa wake mwenyewe, nitakaoukwangua hapa kwenye nyonga."

Kidari alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Yaani leo mimi ndiye wa kwenye gogo."

Daktari hakucheka. "Sikiliza, mzee. Watu wengi wanadhani skrubu ndizo zinazoponya. Si hivyo. Skrubu zinashikilia tu, kama mbao za fundi zege. Kinachokuponya ni ule mfupa kukua na kuunganisha pingili. Usipokua, chuma kitabeba mzigo peke yake, kitachoka, na kikichoka kitavunjika. Unavuta sigara?"

"Kidogo."

"Hakuna kidogo. Moshi unaunyima mfupa damu. Uache kuanzia leo, usiguse mpaka nikwambie mfupa umeunga. Na usibebe hata ndoo ya maji. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Walipotoka nje, Kidari alitoa pakiti mfukoni, akaiponda mkononi, akaitupa kwenye pipa mbele ya mkewe. Mkewe alimshika mkono njia nzima hadi nyumbani. Alisimulia jambo hilo kwa majirani, kwa wateja wake wa nguo, kwa mama yake mzazi. "Ameacha siku hiyo hiyo," alikuwa akisema. "Nyie mnamfahamu yule mtu. Basi ameacha."

Na kweli aliacha. Alikaa bila sigara hadi akafanyiwa upasuaji, na wiki za mwanzo baada yake. Alipozinduka kutoka kwenye nusu kaputi, alisema mguu hauungui tena, akalia kwa furaha. Kilichomuuma zaidi ni nyonga walikokwangua mfupa. Nyumbani mkewe alimwogesha akiwa amesimama, akamfunga mkanda wa mgongo kila asubuhi, akamvalisha soksi. Cherehani ilihamishiwa chumbani ili asikae peke yake.

Lakini mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu tangu alfajiri, akicheka na kutaniwa, ukimweka chumbani na ukuta, ukuta unamla. Wateja walikuja kumwona mwanzoni. Kisha wakapungua, wakawa wanatuma salamu, kisha hata salamu zikakoma. Aliposikia gari la machinjio linapita, alinyamaza hadi liishe kupita. Mkewe alikuwa mwema kwake kutwa nzima, na wema ule ulimbana zaidi ya mkanda. Kila kitu alifanyiwa. Alijisikia mtoto.

Mdogo wake alikuwa anakuja jioni kumpa habari za bucha. Siku moja Kidari alimwambia, "Niletee moja tu. Nainusa tu."

"Kaka, daktari alisema..."

"Mimi ndiye niliyepasuliwa, si wewe. Moja."

Mdogo alileta. Toka utotoni hakuwahi kumkatalia kaka yake kitu, maana ndiye aliyemlea baba yao alipofariki. Kesho yake akaleta mbili. Baadaye ikawa anamwachia pakiti nyuma ya tangi la maji uani, na Kidari, aliyeamriwa atembee kila siku kwa mazoezi, akawa anatembea hadi kwenye tangi. Alitafuna majani ya mnanaa kabla ya kurudi ndani. Mkewe alifurahi kuona anavyojitahidi kutembea.

Picha ya kwanza ya eksirei haikuonyesha kitu kibaya, ila daktari alikunja uso. "Mfupa unachelewa," alisema. "Tusubiri." Iliyofuata alisema vile vile, kwa sauti ya chini zaidi. Kidari alijiambia kuchelewa si kukataa. Alirudi buchani kukaa kwenye kiti tu, asalimiane na watu. Hakubeba chochote. Hilo alilishika kweli, na baadaye alilitaja mara nyingi, kana kwamba lingeweza kufuta lile jingine.

Chuma kilivunjika akiwa anapiga chafya. Alikuwa amekaa mezani nyumbani, anakula. Alisikia ndani ya mwili wake kitu kinalia *tak*, kama kijiti kikavu, na sahani ikamponyoka. Ule waya wa moto ulirudi mguuni kwa nguvu zaidi ya zamani.

Mdogo wake aliazima gari la jirani, wakampeleka. Daktari aliibandika picha kwenye kioo chenye taa. Hata asiye na elimu aliona: skrubu mbili za chini zilikuwa zimekatika chini ya vichwa vyake, na pale mfupa ulipotakiwa kujaa palikuwa na ufa mweusi kama mstari wa kalamu.

"Haukuunga," daktari alisema. "Hata kidogo. Mara nyingine hutokea tu, hatujui sababu. Lakini lazima niulize. Mzee, umekuwa ukivuta?"

Mkewe alisimama.

"Daktari, samahani, huyu aliacha mbele ya macho yangu. Nalala naye, nafua nguo zake, nakaa naye kutwa. Mume wangu ana kelele, ana majivuno, yote sawa, lakini mwongo siye. Naapa kwa..."

"Shemeji," mdogo alisema kutoka mlangoni. "Usiape."

Alisema hilo tu. Mke aligeuka akamtazama shemeji yake, akaona uso wake, kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakupiga kelele. Alikaa chini, akaweka mkoba wake magotini, akaushika kwa mikono miwili.

Daktari akaeleza kinachofuata. Angefungua tena pale pale, atoe vyuma vilivyovunjika, aweke vingine vinene zaidi, na akwangue mfupa kutoka nyonga ya pili. Alisema safari hii itakuwa ngumu, maana kovu la mwanzo limeng'ang'ania mshipa wa fahamu, na kuubandua pale bila kuuumiza si jambo la kuahidi mtu.

"Nisipofanya?" Kidari aliuliza.

"Utabaki hivi, na utazidi."

Alipasuliwa tena, na safari hii hakuvuta. Hakuna aliyemwonya. Mkewe alimhudumia kama mwanzoni, alimfunga mkanda, alimwogesha, alimvalisha soksi, lakini hakuzungumza naye zaidi ya "inua mkono" na "geuka." Mdogo hakukanyaga nyumba ile miezi mingi. Alipeleka chakula cha wodini kupitia mtu mwingine.

Mfupa uliunga. Kwenye picha ya mwisho ule ufa mweusi ulikuwa umejaa weupe, na daktari aliugusa kwa kidole akasema, "Umeshika vizuri sana." Ni mguu ndio haukurudi. Mshipa uliumia katika kubanduliwa, na unyayo wa kushoto ukawa haunyanyuki. Akitembea vidole vinaburura. Walimpa bamba la plastiki la kuvaa ndani ya kiatu, lishike kifundo. Mtaalamu wa mazoezi alimhangaikia muda mrefu, kisha siku moja akaacha kusema "tutaona" na kuanza kusema "utazoea."

Alijaribu kurudi kazini. Mdogo wake alikuwa amemtengenezea gogo fupi, ili akate akiwa amekaa. Kidari alikaa, akashika shoka, akapiga mara chache. Mgongo uliokuwa umeungwa haukupinda ulipotakiwa kupinda, na mguu ulikuwa unateleza kwenye sakafu yenye mafuta. Mteja mmoja, mama wa zamani, alimwuliza nyama gani nzuri leo. Alifungua mdomo kujibu, akaona watu wote wamenyamaza kumhurumia.

"Mwulize mdogo wangu," alisema. "Yeye ndiye mwenye bucha."

Ndivyo mdogo alivyojua kwamba bucha ni yake. Alitoka nje, akasimama karibu na mtaro akiwa na koti lake jeupe lenye damu, akajifuta uso kwa kiwiko. Mpaka leo anaiendesha, na watu wanasema nyama yake ni safi. Ila hacheki na wateja.

Kidari hukaa nyumbani. Mkewe hajamwacha. Wapo waliodhani atamwacha, na wapo waliomshauri. Walikaa mwaka mzima bila kulitaja jambo lile, hadi asubuhi moja, akiwa anashona na mumewe yupo kitini karibu na dirisha, mguu umenyooshwa, alisimamisha cherehani bila kuinua kichwa.

"Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia ningekasirika, tungegombana, yangeisha."

Kidari aligeuka kutoka dirishani. Zamani angetafuta mzaha.

"Kila mtu ulimwambia nimeacha," alisema. "Nilikuwa nakusikia dirishani unavyonisifu. Sikuwa nimebakiwa na kingine cha kusifiwa."

Mkewe alikaa na kitambaa mkononi. Machozi yalimtoka, hayakuwa ya huruma peke yake, mengine yalikuwa ya hasira, na hakuyafuta.

"Nusura nimwapie daktari," alisema.

"Najua."

"Mbele ya watu."

"Najua, mke wangu."

Aliikanyaga cherehani tena. Alishona hadi mchana, akaenda jikoni, akapakua, akamwita. Kidari alijiinua kwa kushika dirisha, kisha ukuta, kisha mgongo wa kiti, kiatu kikiburura sakafuni kwa sauti ile ambayo sasa nyumba nzima inaifahamu. Mkewe hakuinuka kumsaidia. Alikaa na sahani mbili mbele yake, mikono mapajani, bila kuonja, mpaka mumewe alipofika mezani na kukaa.