Kiuno cha Wifi na Mbwa wa Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani mwenye mkono safi na mdomo usio na kifuniko. Gauni lake lingekukaa kama ulizaliwa nalo, lakini kabla hujalivaa ungekuwa umeshaambiwa kwamba bega lako la kushoto limeshuka. Ulimi huohuo ndio uliomgombanisha na wifi yake, mke wa kaka yake. Alipompimia gauni la harusi, sebule imejaa wakwe, alikitangaza kiuno cha bibi harusi kwa sauti ya mnadani, kisha akaongeza, "Tupime tena, labda futi imekosea." Watu walicheka. Wifi hakucheka, na tangu siku hiyo nguo zake zote alinunua dukani, zimbane au zimpwaye, mradi futi ya Mama Pindo isimguse.

Sasa kaka mtu alikuwa anarudi na mkewe kuishi katika vyumba vya nyuma vya nyumba waliyoachiwa na mama yao. Chumba cha mbele ndicho Mama Pindo alichokifanya duka la ushonaji. Kaka akapiga simu.

"Dada, nasikia unafuga mbwa."

"Mtoto wa mbwa."

"Mke wangu anaogopa mbwa. Tunakuja Jumamosi kuangalia vyumba. Akimbwekea, anarudi alikotoka."

"Nani, mbwa au mkeo?"

Kaka akakata simu.

Mbwa mwenyewe aliitwa Kifungo, kwa sababu kitu cha kwanza alichokula dukani kilikuwa kifungo cha koti la mteja. Kilipotoka kilioshwa, kikashonwa mahali pake, na mwenye koti hajui mpaka leo. Mama Pindo alipewa mbwa huyo na seremala wa jirani, ambaye mbwa wake alikuwa amezaa. Alimchukua kwa mzaha. Lakini tangu wanawe waolewe nyumba ilikuwa imepoa, na sasa asubuhi alikuwa na wa kumsema. Alimpenda yule mbwa kiasi cha kujishangaa. Kumrudisha hakutaka.

Alikwenda kwa seremala kutaka ushauri.

"Mzoeshe watu," seremala alisema. "Samaki mkunje angali mbichi. Wanene, wembamba, wenye kofia, wenye fimbo, wote awaone sasa. Akikua hajawazoea, ataogopa hata anayemlisha."

Watu Mama Pindo alikuwa nao: wateja. Akaweka utaratibu wake. Mteja akiingia anapimwa kwanza, kisha futi iliyompima inashushwa chini, Kifungo anainusa, anapewa kipande cha mkate. Akapimwa mwalimu mwenye miwani. Akapimwa muuza mkaa mwenye sauti ya radi, na bibi mmoja wa fimbo, na watoto waliokuja kupunguziwa sare.

"Lakini mama, mimi nimekuja kuazima mkasi tu," jirani mmoja alilalamika.

"Nyoosha mikono."

Wiki haijaisha, Kifungo akawa rafiki wa mtaa mzima, na Mama Pindo akatamba kwamba hata wifi atambeba.

Jumamosi wifi alitangulia kuingia, mkoba ameuweka mbele kama ngao, huku mumewe akihangaika na mlango wa gari nje. Kifungo akatoka chini ya cherehani, akamtazama juu mpaka chini, akabweka. Alibweka hasa, kila mlio ukimrusha nyuma. Wifi akapanda juu ya kigoda.

"Nilijua," alisema. "Mbwa hufanana na anayemfuga."

Mama Pindo aliishiwa maneno, jambo ambalo majirani wangefunga maduka kuja kulitazama. Akabembeleza, akatoa mkate. Kifungo akautazama mkate, akaitazama futi iliyoning'inia shingoni mwa mama yake, akabweka tena. Hapo ndipo Mama Pindo alipoelewa alichokifanya. Hakumzoesha mbwa watu. Alimfundisha kwamba mtu ni yule aliyepimwa, na asiyepimwa hana tofauti na mwizi.

"Wifi yangu," akasema, "dawa ipo, ila hutaipenda. Niruhusu nikupime."

"Ili utangaze?"

"Nilikukosea siku ile. Nilitaka watu wacheke, nikakufanya wewe kichekesho. Leo nitanyamaza."

"Wewe?"

"Kwa ajili ya huyu, naweza."

Wifi akamwangalia Kifungo. Miguu ya yule mbwa ilikuwa inatetemeka kuliko yake.

"Kumbe naye anaogopa," alisema. Akashuka kigodani, akanyoosha mikono.

Shingo, mabega, kifua. Ilipofika kiunoni futi ilisoma ilichosoma, na maneno yakampanda Mama Pindo mpaka kwenye meno. Akayameza. Kifungo akainusa futi, akala mkate wake, akajilaza juu ya kiatu cha wifi.

"Ngapi?" wifi akanong'ona.

"Muulize Kifungo. Mimi sikuona."

Wifi alijaribu kununa, akashindwa, kicheko kikamtoka.

Kaka akatokea mlangoni, funguo mkononi. "Haya, nimemsikia akibweka. Anarudi alikotoka?"

Kifungo akamrukia kwa kelele mpaka funguo zikaanguka. Wifi hata hakushtuka. Aliichukua futi mkononi mwa Mama Pindo.

"Simama hapo, baba. Nyoosha mikono."

Akamzungushia kiunoni, akaisoma namba kwa sauti ya mnadani, kisha akageukia mlango, ambako majirani walikuwa wameanza kujaa.

"Tupime tena," alisema. "Labda futi imekosea."