Ukoo ulisema mama ndiye aliyetuletea saratani ya titi, vipimo vya jeni vikasema vingine

Wakuu salaam. Hii siyo chai ya kutunga. Ni jambo la nyumbani kwetu, na ndugu zangu wakipita humu watajijua.

Kwetu ni Muyama, ila mimi naishi Kasulu mjini, nauza pembejeo. Mama yangu alizaliwa Burundi, akaja kama mkimbizi, akaolewa na baba. Uraia alishapata zamani, lakini watu wakikorofishana naye bado utasikia "yule wa kuja".

Dada yetu mkubwa alifariki kwa saratani ya titi akiwa bado kijana. Tukazika.

Halafu mdogo wangu Odetha naye akapapasa uvimbe.

Ukoo ukaitisha kikao. Baba alishafariki, kwa hiyo msemaji alikuwa baba mdogo. Akamwambia mama mbele za watu:

"Shemeji, hiki kitu umekitoa kwenu. Huku hatukuwa nacho."

(Walikuwa nacho. Shangazi yao alikufa na kidonda kifuani, wakasema ni jipu.)

Mama aliinuka. Alifunga vitu vyake akahamia kwa kaka yake, Kumsenga kule Kibondo.

Odetha nikampeleka hospitali kubwa, nje ya mkoa. Upasuaji, dripu za kemo, nywele zikaisha. Daktari wake, mama mmoja mpole, aliposikia habari za marehemu dada akaomba tupimwe jeni: Odetha, mimi na mama, ambaye nilimfuata Kumsenga. Damu ikapelekwa nje ya nchi. Tulisubiri mpaka tukakata tamaa.

Majibu: Odetha ana hitilafu kwenye jeni inayoitwa BRCA2. Mimi pia ninayo. Mama hana.

Nikashangaa. "Dokta, mimi mwanaume, titi linanihusu nini?"

"Huumwi," akasema. "Umerithi hitilafu. Ila kwa mwanaume inaongeza hatari ya saratani ya tezi dume, hata ya titi kidogo, kwa hiyo uwe unapima."

Naandika nilivyoelewa, wataalamu mtanirekebisha.

DNA ndani ya seli inakatika kila siku, na mwili una protini za kuiunga. Jeni hii inabeba maelekezo ya kutengeneza mojawapo. Kila mtu ana nakala mbili, ya baba na ya mama. Ukirithi moja mbovu, ile nzima inakubeba. Nayo ikiharibika kwenye seli fulani, DNA inaungwa ovyo na makosa yanarundikana. Jeni za kuiambia seli iache kugawanyika zinazimika, za kuisukuma zinabaki zimewaka. Ndiyo saratani hiyo.

Cha ajabu, udhaifu huo huo ndio wanaoutumia kutibu. Seli ya saratani imebakiwa na njia nyingine ya kujikarabati. Kuna vidonge vinaiziba hiyo njia, seli inakufa. Seli za kawaida bado zina nakala nzima, kwa hiyo zinavumilia. Odetha anavimeza sasa. Anachoka, kichefuchefu kipo, lakini uvimbe haujarudi.

Kama mama hana, basi imetoka kwa baba.

Nikaenda kwa baba mdogo, nikamweleza taratibu kwa Kiha. Nikadhani atanifukuza. Akauliza tu:

"Na mabinti zangu?"

"Wapimwe, baba. Na wewe pia."

Kisha nikaenda Kumsenga. Mama alikuwa anapukuchua mahindi. Nikamwambia damu yake haina kitu, ni ya upande wa baba. Nilitegemea atafurahi jina lake limesafishika.

Hakusimamisha hata mikono.

"Odetha anakula?"

"Anakula."

"Na wewe, mwana wanje, mwanangu, unayo?"

Nikasema ninayo. Hapo ndipo akalia.

Baba mdogo alishamfuata kumwomba radhi, na mama akamsamehe. Ila kurudi Muyama amekataa, anasema ameshalima Kumsenga.

Nilichojifunza: saratani ikijirudia kwenye familia, ulizeni pande zote mbili, wanaume wakiwemo, kabla hamjamnyooshea mtu kidole.

Sasa naomba mawazo yenu. Binti yangu yuko kidato cha pili. Huenda nimemrithisha, huenda sijamrithisha. Daktari anashauri kipimo kisubiri akue, aamue mwenyewe. Mke wangu anataka angalau tumwambie sasa. Mimi kila nikikaa naye nianze, naishia kumuuliza habari za shule.

Ungekuwa wewe, ungemwambia?