Makofi ya Dada Mtu

Mtaa mzima ulimwita Mstari, kwa sababu suruali iliyopita chini ya pasi yake ilitoka na mstari wa kukata mkate. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho, na kitambulisho chenyewe hakijulikani kilipo. Alikuwa dobi. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, pasi mbili, na kamba za nguo zilizopita juu ya vichwa vya watu, hata mteja mrefu akiingia ilibidi ainame kama anayeyasalimia mashati.

Kibanda cha pili kilikuwa cha mdogo wake, fundi saa. Huyo walimwita Dakika, maana ukimuuliza saa yako itakuwa tayari lini, jibu lake lilikuwa "dakika moja tu", na wewe unarudi wiki ya tatu. Siku moja akaja binti mmoja na kamera ya kuazima na wenzake watatu, akasema anatengeneza filamu kwa pesa za kuungaunga, anataka fundi wa kweli, hataki waigizaji. Dakika akavaa shati alilonyooshewa na dada yake, akakaa kwenye kiti chake na kufanya kile alichokuwa akifanya siku zote, tofauti ni kwamba safari hii aliambiwa arudie mara sita. Miezi saba baadaye alianguka bafuni. Hospitali wakasema ni mshipa wa kichwani, na hakurudi tena nyumbani. Filamu ilikuwa bado haijamaliza kuunganishwa.

Picha zake zilikuwepo tele. Sauti ndiyo haikuwepo. Simu yake ilipotelea huko huko hospitali, na simu za ndugu hazikuwa na kitu ila ujumbe wa maandishi, "nakuja", "nimefika", "nitumie namba ya yule jamaa". Mstari angevumilia, lakini kulikuwa na baba yao. Mzee alikuwa haoni mwaka wa nne sasa, na kwake picha ni karatasi tu. Masikio nayo yalishaanza kumtoroka, mpaka umwinamie na kupaza sauti. Wiki mbili baada ya mazishi akamwita bintiye akamwambia, "Mwanangu, nimeanza kuisahau sauti yake." Mstari akatoka nje akala kiapo peke yake: baba atamsikia Dakika, hata mara moja, kabla naye hajaondoka.

Yule binti wa kamera, mwongozaji wa filamu, hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya mambo yangekuwa rahisi zaidi. Alikuja kutoa pole, akalia, akala, akaeleza kwamba filamu ikishaingia kwenye matamasha haruhusiwi kumpa mtu nakala mpaka imalize mzunguko wake.

"Lakini dada, mwisho itaonyeshwa hapa hapa mjini kwetu. Utamleta mzee mwenyewe."

"Lini?"

"Mwakani, Mungu akipenda."

Mwaka ni mrefu kwa mtu mwenye mzee ndani. Mstari akaamua kuifuata filamu inakokwenda.

Tamasha la kwanza lilikuwa mji wa mbali, kwenye ukumbi wa chuo wenye viti vya kukunja vinavyolia kila mtu akipumua. Filamu ilikuwa ya huzuni mwanzo mpaka mwisho: mama mmoja amefiwa na mumewe, anazunguka na saa ya marehemu iliyosimama, anatafuta mtu wa kuifanya itembee tena. Katikati ya filamu anaingia kibandani kwa Dakika. Na ndiye huyo, kioo cha ufundi jichoni, anacheka, anampisha mama kwenye kiti, anaiweka saa sikioni, anasema kwa ile sauti yake ya puani: "Mama, saa hii haijafa. Imechoka. Iache ipumzike kwangu." Mstari hakukumbuka kuinuka. Alijikuta tu amesimama anapiga makofi, "Huyo! Mdogo wangu huyo!" Watu wakacheka, wengine wakamuunga mkono. Njia nzima ya kurudi alilia, ila kilikuwa kilio cha mtu aliyeshiba.

Tamasha la pili halikuwa mbali, maktaba ya mji wa jirani. Alikwenda na watu saba wa mtaani, kinyozi akiwa kiongozi wa msafara, wote wamevaa fulana zenye uso wa Dakika. Walipiga makofi mpaka wenye vitabu ghorofa ya juu wakaja kuchungulia. Mstari alikuwa ameficha simu kwenye mtandio ili amrekodie baba yake, ambaye safari za basi zilishamshinda, lakini msimamizi wa ukumbi akammulika tochi na kumsimamia mpaka akafuta kila kitu. Hilo lilimuuma, ila kulikuwa na lililomuuma zaidi. Dakika alikuwa amepunguzwa. Kicheko hakikuwepo, wala kile kitendo cha kumpisha mama kwenye kiti. Yalibaki maneno tu.

Akamkamata mwongozaji mlangoni. "Mbona mmempunguza mdogo wangu?"

"Tumeikaza kidogo tu, dada. Filamu kama hizi tunazikatakata kila tamasha mpaka zitulie."

"Sasa mnajuaje pa kukata?"

"Tunaangalia ukumbi. Watu wanavyopokea."

Binti wa watu hakutaka kumuumiza aliyefiwa, akaishia hapo. Mstari naye alikwenda nyumbani na jibu lake tayari kichwani: makofi hayakutosha! Watu saba wanatosha nini? Filamu inaangalia ukumbi, basi ukumbi utaonekana. Akaenda kwa kinyozi asubuhi yake wakapanga kazi.

Safari ya tatu walikuwa ishirini na watatu, na filimbi, na sufuria mbili za kupigia. Walifanya mpaka mazoezi pale kwenye kibanda cha dobi. Kinyozi anaweka saa sikioni, hiyo ndiyo ishara, watu wanalipuka, na mashati ya wateja yanacheza kwenye kamba. Siku yenyewe walilipuka kabla hata ya ishara, mama mwenye saa alipogusa tu mlango wa kibanda. Wageni wa viti vya mbele walicheka mpaka wakajipangusa machozi. Dakika alikuwa amebakizwa kwa muda wa kupiga chafya, na alichosema hakuna aliyekisikia, hata dada yake. Mstari alimwona mwongozaji kule mbele ameshika kichwa kwa mikono miwili. Akajua binti amezidiwa na furaha. Akazidi kupiga.

Hatimaye filamu ikarudi nyumbani, Jumamosi mchana, ukumbi wa halmashauri. Kinyozi alikuja kumnyoa mzee bure. Mstari alimnyooshea baba yake shati kwa muda ambao wateja watatu walisubiri wakachoka. Alishaomba viti vya mbele kushoto, karibu kabisa na spika kubwa, na wenzake wote aliwapa onyo moja: "Leo mtu asithubutu hata kukohoa. Leo ni ya Baba." Wakaitika, na jinsi walivyotulia siku ile ungedhani wamelipwa.

"Nitamjuaje?" mzee akauliza taa zilipozimwa.

"Utamjua, Baba. Mwanao huyo."

Filamu ikaenda. Mama akafiwa, mama akatoka na saa, mama akafika kwenye mlango wa kibanda. Mstari akamshika baba yake mkono. Mama akagusa mlango, na papo hapo akaonekana stendi ya mabasi, kasimama mbele ya dirisha la tiketi. Kibanda hakikuwepo. Dakika hakuwepo. Mstari akageuka kumtafuta mwongozaji kwa macho, akamkuta anatazama viatu vyake.

Ndani ya dirisha la tiketi alikaa mwigizaji mmoja wa kukodi, mwanamume mnene mwenye tai. Akaipokea saa, akaigeuzageuza, akasema kwa sauti nzito iliyojaa ukumbi mzima: "Mama, saa hii haijafa. Imechoka." Maneno ya fundi waliyapenda. Aliyeyasema ndiye waliyemwacha.

Mzee alikurupuka. "Huyo!" akapaza sauti, anamtikisa bintiye goti. "Huyo mwanangu! Mstari, si ndiye?"

Mstari alimtazama yule mtu na tai yake. Nyuma yake wenzake wote walikuwa kimya, sasa kwa sababu nyingine.

"Ndiye, Baba," akasema. Ikabidi ainame aseme tena kwa nguvu, ukumbi mzima ukisikia. "Ndiye!"

Mwongozaji aliwangoja nje. Kinyozi akamchukua mzee pembeni.

"Dada, nilitaka kukupigia."

"Ulishindwa nini?"

"Kila tamasha majaji waliandika jambo lilelile. Filamu ya msiba, lakini tukifika kwa fundi ukumbi unakuwa uwanja wa mpira. Wanacheka, na wakishacheka hawarudi tena kwenye huzuni. Nikawa namkata kidogo kidogo, nikidhani mtapoa. Mkawa mnaongezeka."

"Ungeniambia ninyamaze!"

"Ningekuambiaje? Ulikuwa unafurahi, dada."

"Kile kipande kiko wapi?"

"Diski zilikuwa za kuazima. Mhariri alishafuta kila kitu, hata nakala za mwanzo."

Mstari alikuwa na matusi ya kutosha soko zima, na siku hiyo aliyatafuta yote. Kila alilolishika lilimgeukia yeye mwenyewe. Angekaa kitako na kufunga mdomo kama watu wengine waliokwenda kutazama filamu, mdogo wake angekuwepo.

Mzee ndiye aliyepona. Hamu ya chakula ikamrudia, na kila mgeni alisimuliwa. Alikuwa akijinyoosha kitandani, anatoa sauti toka tumboni: "Mama, saa hii haijafa. Imechoka." Waliomjua Dakika walimtazama Mstari, na Mstari akatafuta kitu cha kunyoosha.

"Alikuwa na sauti nzito kuliko nilivyokuwa nakumbuka," mzee alisema siku moja. "Kumbe nilishaisahau kweli."

"Ndiyo, Baba."

Asubuhi moja, akiwa peke yake kibandani na pasi haijapata moto, Mstari alijaribu kuyasema yale maneno kwa sauti ya puani ya mdogo wake, polepole, apate kuihifadhi walau kichwani mwake. Ikatoka ile nzito, ya mwenye tai. Akakohoa, akasafisha koo, akajaribu tena. Ikatoka ileile.