Mistari Kwenye Kioo cha Elevateri

Binti yangu ameolewa na fundi wa mgodini. Siku moja binti huyo alinieleza kwamba sasa kuna miwani ambayo dereva wa mashine kubwa akiivaa, inamchorea alama za rangi juu ya vitu anavyoviona, asije akagonga mtu au nguzo. Nilitazama kioo cha dirisha, akadhani sijaelewa. Kumbe nilikuwa namkumbuka mama yake akiwa ndani ya elevateri yangu, pale stesheni ya reli ya Kamina wakati wa vita, ameshika chupa ndogo ya rangi ya kucha.

Elevateri ni ile mashine ya kunyanyua mizigo kwa vyuma viwili vya mbele. Yangu ilikuwa kubwa, yenye kibanda na kioo, na kazi yake ilikuwa kubeba mataruma, yale magogo mazito yanayolazwa chini ya reli. Taruma hubebwa likiwa limekingama, likachomoza mbali kushoto na kulia. Kabla ya vita kulikuwa na mwenzangu aliyenitangulia na kitambaa chekundu akiondoa watu njiani. Vita ilipokaribia, akaichukua familia yake wakaenda Kinkondja kwa wakwe zake. Nikabaki peke yangu.

Wakati huohuo uwanja wa stesheni ulijaa watu waliokimbia mapigano kaskazini. Walitandika mikeka kati ya njia za reli, wakapika hapo, wakalala hapo, wakingoja treni ya kuwapeleka kusini. Treni ilikuwepo. Haikuweza kutoka kwa sababu mbele kidogo mataruma yalikuwa yameoza, na ni mimi niliyetakiwa kupeleka mapya, nikipita katikati ya watu hao.

Siku ya kwanza ncha ya taruma ilinasa turubai la mama mmoja, ikaling'oa lote pamoja na miti yake. Mama mwenyewe alikuwa ametoka chini yake sekunde chache tu kabla. Nilizima mashine, nikarudi nyumbani kwa miguu.

“Minyi siwezi tena,” nilimwambia mke wangu. “Nitaua mutu.”

Yeye alikuwa mwalimu wa hesabu kwenye shule ya misheni ya Wamethodisti, na shule ilikuwa imefungwa. Hakunibembeleza. Aliniuliza, “Ukikala mu kiti, unajua mwisho wa muzigo utapita wapi?”

“Nakadiria.”

“Basi njo ile inakuogopesha. Twende.”

Stesheni alinipandisha kwenye kiti, mzigo ukiwa mbele. Akapanga mawe chini, safu mbili kutoka kwenye ncha za taruma kwenda mbele, kisha akaja kusimama kibandani, brashi ya rangi ya kucha mkononi.

“Safu ya kuume unaiona wapi mu kioo?”

“Apa. Shusha kidogo. Apo njo apo.”

Akachora mstari mwekundu kuume, mwingine kushoto. Nilifurahi, nikainama kutazama vizuri, na mistari ikaruka kutoka kwenye mawe. Nilikata tamaa. Yeye alifikiri kidogo, akakata kifungo cha blauzi yake, akakining'iniza kwa uzi kutoka darini, mbele ya buloni, ile bolti kubwa iliyo nje ya kioo.

“Kifungo kikifunika ile buloni ya mbele, kichwa yako iko pa nafasi yake. Kikitoka, usiamini mustari. Na kitu ikiingia kati ya mistari, simama. Usianze kukadiria.”

Tulijaribu kwa madumu matupu hadi mchana. Sikugonga hata moja.

Kesho yake nilianza kupeleka mataruma. Watu walikuwa wamehama njiani, nami nikaenda polepole, kifungo juu ya buloni. Kwenye safari moja niliona rundo la nguo kando ya njia, mahali ambapo zamani ningepita bila wasiwasi. Mstari wa kushoto ulikuwa umelikata katikati. Mguu wangu ulitaka kuendelea. Nikakanyaga breki.

Nilishuka, nikaenda kuliondoa. Nilipovuta blanketi nikakuta kichwa cheupe kwa mvi. Mzee amejikunja, anatetemeka kwa homa, amefumba macho.

Mwanamke alikuja mbio kutoka bombani, maji yakimwagika ndooni. “Ule ni baba yangu! Hasikii! Masikio yake ilikufa!”

“Iko muzima, mama,” nilimwambia. “Angalia, iko muzima.”

Alimpapasa mikono, miguu, uso, kisha akakaa chini na kuanza kucheka na kulia kwa pamoja. Mzee alifungua macho, akanitazama, akaomba maji. Nikaketi juu ya reli kando yao. Nilichosikia kifuani hakikuwa hofu tena. Ilikuwa kama mtu amenitua gunia la mahindi mgongoni.

Mke wangu alikuwa kivulini upande wa pili wa njia. Alikuja, akamshika mzee kichwa ili anywe. Kisha akaweka mkono wake begani mwangu, akauacha pale.

Njia ilitengenezwa, na treni ikaondoka asubuhi moja, watu wamejaa hadi juu ya mabehewa. Yule mwanamke alimpakata baba yake mlangoni mwa behewa, amemfunga kitenge asianguke. Homa ilikuwa imeshuka, na mzee alikuwa akitafuna muhogo. Tuliwapungia mkono hadi behewa la mwisho likapotea kwenye kona.

Tulirudi nyumbani, tukala bukari, ugali wetu, na samaki wakavu. Mvua ikaanza kupiga bati. Nikalala mchana kweupe, usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu vita ianze, na mke wangu akawakataza watoto wasiniamshe.